Baridi ya Batri

Ujumbe uliingia kwenye simu ya mama asubuhi, mimi nikiwa natafuta kiatu cha pili. Ilikuwa sauti ya mama mukubwa, dada yake mama, kutoka Kasomeno. Zamani sauti ile ingeweza kutoka Kasomeno ikafika Zambia bila simu. Sasa ilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea vifungo.

"Mudogo," ilisema, "banasema figo yangu inachoka. Miye nilichokaka mbele yake. Kama unataka kuniona, kuya. Usitume mutoto, usitume sukari. Kuya weye."

Mama alisikiliza mara tatu. Kisha akaweka simu chini ya mto kama anailaza, akanitazama.

"Tutaenda na motokari ya baba yako."

Hapo nikasahau habari ya kiatu.

Sina budi kueleza, maana mwingine atasema: gari lipo, barabara ipo, endeni. Mama ana pumu, na moyo wake umechoka. Daktari alimkataza vitu viwili, vumbi na joto, na njia ya Kasomeno mwezi wa kumi haina kitu kingine cha kumpa msafiri. Ukifungua vioo, malori ya samaki yanakumwagia vumbi jekundu mpaka unafanana na tofali. Ukivifunga, unaiva. Gari la baba ni berline nyeupe ya Kifaransa, limenizidi umri, na siku lilipotengenezwa hakuna aliyefikiri kwamba abiria angependa kupoa. Mwaka uliotangulia tulitoka kwenye sherehe kule Karavia, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi la malori, na kabla hatujafika nyumbani mama alikuwa ameinamisha kichwa, hajibu. Nilimmwagia maji ya chupa kwenye kitambaa chake kipya. Alipoamka alinitukana kwa sababu ya kitambaa.

"Mama," nikamwambia, "jirani yetu iko na jeep ya klimu. Ile klimu ingeweza kugandisha nyati. Nitaiomba."

"Hapana."

"Juu ya nini?"

"Siku ya ndoa yangu yaya, uyu dada yangu mukubwa, aliniuliza mbele ya bantu bote: 'Uyu Mukasai wako atakufikisha wapi?' Baba yako alinyamaza. Akatumika kazi, akauza, akanunua ile motokari. Aliinunua juu ya ile maulizo. Kisha ikakuya ile miaka mibaya, hatukufikaka. Sasa nitafika, na nitafika mu ile."

Miaka mibaya ni ile ambayo watu wa mji huu walianza kuulizana vijiji vya babu zao. Neno Mukasai, yaani mtu wa Kasai kama baba, lililokuwa utani, likawa jiwe. Dada wawili wa tumbo moja wakaacha kutembeleana, wakabaki kutumiana salamu za msiba. Baba alikufa akiwa bado analipanguza gari lile kila Jumapili, tayari kwa safari ambayo hakuna aliyeitaja.

Basi kazi ikawa yangu: kutia baridi ndani ya gari la mzee, haraka, kabla figo hazijamaliza kuchoka na kabla mvua haijageuza ile njia kuwa uji. Na nani angefaa kama si mimi? Nina diplome ya umeme. Niliipata shule ya jioni nikiwa na mvi mbili, baada ya miaka minne ya kukaa kwenye benchi lililo fupi kuliko mapaja yangu, mwalimu akichora saketi ubaoni na sisi tukimmulikia kwa simu umeme ulipokatika. Kukatika kwa umeme katika somo la umeme, hiyo ndiyo tuliita mazoezi. Diplome yenyewe imetundikwa sebuleni juu kabisa, wageni waione kabla hawajaniona mimi.

Nilianza kwa mama fundi wa Katuba. Yeye hutengeneza friji za wauza samaki na wauza bia, na hakuna mtu Lubumbashi aliyekunywa kitu baridi ambaye hadaiwi naye shukrani. Alilizunguka gari mara mbili, akagonga boneti kwa kidole, akasikiliza kama daktari.

"Diplome," akasema, kwa maana hajawahi kuniita vingine, "hii ni muzee. Muzee haumutie baridi kwa nguvu."

"Mama fundi, sema bei, usiseme mezali."

"Minakuambia kazi. Tutatafuta kompresa ya motokari ya Kijapani yenye ilianguka. Tutaifunga kwa motere na mukanda. Mbele ya radiateri tutaweka radiateri ingine ya gazi. Chini ya tableau ya shoferi tutaweka ya kupuliza. Lakini chuma ya kushikilia kompresa haiko fasi yoyote, tutaichonga. Na motere yako itachoka, itabidi radiateri kubwa."

"Siku ngapi?"

"Majuma tatu. Ine, kama chuma inakataa."

Majuma matatu! Nilimwambia kwamba katika majuma matatu Mungu aliumba dunia mara tatu na kupumzika mara tatu. Akaniambia Mungu hakuwa akitafuta vipuri.

Nikaenda mjini, kwenye duka moja lenye kioo, kijana akanionyesha kwenye simu yake mtambo kamili wa kutoka Dubai, mweusi, unang'aa, umelala ndani ya sanduku kama mtoto wa tajiri. Umeandikwa *universel*. Nikamuuliza kama utaingia kwenye gari langu. Akasema, "Ni universel, papa." Nikamuuliza kama aliwahi kuuona ukiingia kwenye gari lolote. Akasema tena universel, safari hii kwa sauti ya chini. Nikaelewa kwamba neno hilo maana yake ni kitu kisichotoshea popote kwa usawa. Na wenyewe ulikuwa bado baharini.

Usiku ule haukuleta usingizi. Asubuhi ujumbe wa pili ukaingia. Safari hii mama mukubwa alikohoa kwanza, muda mrefu, mpaka nikadhani ni kikohozi tu alichotuma. Halafu: "Mawingu iko huku." Basi. Mama alipiga pasi kitambaa chake cha safari, akakikunja, akakiweka juu ya kiti. Kesho yake akakipiga pasi tena.

Nani angevumilia kitambaa kile?

Nilichukua njia ya Kasumbalesa, mpakani, ambako malori ya migodi hupanga foleni mpaka madereva wanaota ndevu za pili. Kando ya foleni ile kuna watu wanaouza kila kitu kilichowahi kuwa sehemu ya lori. Na pale, juu ya kipande cha turubai, niliuona: mtambo wa baridi wa juu ya kabini, mweupe, mpana kama godoro la mtoto, mzima wote katika kipande kimoja. Hauna mkanda, hauna chuma cha kuchonga, haugusi motere. Unatoboa paa, unauketisha, unaunganisha nyaya mbili, umemaliza. Moyo wangu ulipiga kelele kuliko foleni yote.

"Inatembea na kurua, mukanda ya motere?" nikamuuliza muuzaji, nikijifanya mtu asiyevutiwa.

"Kurua ya nini? Iko ya batri."

"Motere haichoke?"

"Motere inalala! Shoferi analala mu lori, motere imezimwa, yeye anasikia baridi paka asubuyi. Iko ya batri, papa. Ya batri tu."

"Ya batri?"

"Ya batri."

Tulisema neno lile mara nyingi kama wanaofundisha kasuku. Nikalibeba lile godoro.

Mama fundi alipoliona aliinama, akalipangusa ubavuni kwa upindo wa kitenge.

"Diplome, ulisoma plake?"

"Mama, miye njo bananipima kwa plake. Niko na diplome."

"Ulisoma ao hapana?"

Plake, kile kibati cha maelezo, ilikuwa imekwanguliwa nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa ya Kichina. Nikamjibu kwamba umeme hausomwi, unaeleweka. Sentensi hii niliitunga pale pale na nilijivunia sana, kwa muda wa saa moja hivi.

Nilikata paa mwenyewe. Nilichora mstari kwa chaki, nikashika mashine ya kukatia chuma, cheche zikaruka mpaka kuku wa jirani wakahama. Mama alitoka nje aliposikia ile sauti. Alisimama mlangoni na mkono kifuani. Kipande cha paa, kile kile alichokipanguza baba kila Jumapili, kilianguka kwenye kiti cha nyuma na sauti kama sahani. Aliingia ndani. Nikasikia pasi ikiwekwa juu ya meza.

Tukauketisha mtambo, tukapaka gundi pembeni isiingize maji, nikaunganisha nyaya mbili kwenye batri ya gari. Nikabonyeza. Taa ndogo nyekundu ikawaka, ikapepesa mara tatu, ikazimika. Nikabonyeza tena. Ikapepesa tena mara tatu, ikazimika, kwa adabu kabisa, kama karani anayekuambia urudi kesho. Mama fundi akachukua kipimo chake, akapima, akafungua kifuniko, akachungulia ndani na tochi. Halafu akaketi juu ya ndoo.

"Diplome. Batri ngapi?"

"Namna gani, batri ngapi?"

"Lori iko na batri ngapi?"

Hapo ndipo niliposikia neno lile likigeuka ndani ya sikio langu na kunionyesha mgongo wake. Lori lina batri mbili, zimefungwa moja nyuma ya nyingine: volti ishirini na nne. Gari la baba lina moja: volti kumi na mbili. Na kwetu batri ni batri. Moja ni batri, mbili ni batri, lori zima likijaa ni batri. Neno halina umoja wala wingi. Muuzaji hakunidanganya hata kidogo. Alisema mbili, mimi nikasikia moja, na wote wawili tulisema kitu kile kile, mara tano, tukitazamana usoni.

Mama fundi alicheka mpaka ndoo ikatembea. "Bantu ya masomo!" akasema. "Bantu ya masomo, Mungu wangu!" Kisha akanitazama, na kicheko kikamkatikia katikati.

Kwa sababu nilikuwa nimeingia ndani ya gari na kuketi. Sikumbuki kuingia. Nilitazama juu, kupitia matundu ya ule mtambo uliokufa, na niliona kipande cha mbingu ya Lubumbashi chenye wingu moja. Miaka minne kwenye benchi. Ubaoni mwalimu alichora batri mbili mfululizo, somo la kwanza kabisa, na nililijibu swali lile kwa kunyoosha mkono kabla ya wote. Sasa nilikuwa nimetoboa gari la baba ili mama asifike. Nilijaribu kutafuta kichekesho, maana mimi hutafuta kichekesho hata kwenye foleni ya hospitali, na sikukipata. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilitaka kumuuliza baba kitu. Nilitaka kumuuliza kama angenipiga.

"Toka," akasema mama fundi. "Utalia kesho. Leo tutafute batri."

"Gari haiwezi kuchaji volti ishirini na ine."

"Nani anasema ichaji? Tunaweka batri mbili ya lori mu boti ya nyuma, fasi ya mizigo, kando na kuran, umeme ya motokari. Tunazijaza huku. Zinakwisha, zinakwisha. Itakupa saa ine, kama Mungu iko mu furaha."

"Njia ni saa sita."

"Basi utapima baridi kama dawa. Kijiko moja asubuyi, kijiko moja muchana."

Kuzijaza kulichukua siku mbili, kwa maana umeme ulikuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Mwishowe tulizibeba mpaka kwenye kinu cha unga chenye jenereta, zikajazwa huku mahindi yakisagwa, zikarudi nyeupe kwa unga kama wachungaji wa kanzu. Nilizifunga kwa kamba nyuma. Gari likainua pua kidogo, kama linalonusa.

Tuliondoka kabla jua halijatoka. Saa ya kwanza hatukuhitaji kitu. Mama alikaa mbele, kitambaa kimenyooka kiasi kwamba ungeweza kuandika juu yake. Lami ilipotuacha na vumbi lilipoanza nilifunga vioo, nikabonyeza kifungo, na, nawaambieni, baridi ilishuka. Ilishuka kutoka juu kama baraka ya askofu. Ilinuka plastiki na mafuta ya lori. Mama alifumba macho.

"Kama baba yako angeona," akasema.

Kwenye mtambo kulikuwa na taa nne ndogo za kijani zinazoonyesha nguvu ya batri. Baada ya muda mfupi mno mama akanyoosha mkono, akazima.

"Mama, unafanya nini?"

"Minasikia baridi ku mifupa."

"Bado hata hatujafika nusu ya njia!"

"Nimesema baridi."

Joto likarudi ndani ya pumzi kumi. Likaja na hasira. Nikamtazama: jasho lilikuwa linatiririka nyuma ya sikio lake mpaka kwenye kola. Nikabonyeza. Baridi ikaja. Tulipopita lori la samaki akazima tena.

"Mama!"

"Tazama njia, papa."

Tulipigania kifungo kile kwa kilomita ngapi, sijui. Mimi nawasha, yeye anazima. Midomo yake ilikuwa inabadilika rangi, kifua kilikuwa kinaanza ile filimbi ninayoijua, na yeye anasema mifupa, mifupa. Nilidhani haamini batri zangu. Nilidhani anaogopa zitalipuka, au kwamba bado ananiadhibu kwa ajili ya paa. Nilimsihi. Nilimwambia uongo kwamba batri zimejaa kwa siku tatu. Nilitamani kusimamisha gari na kulia kando ya barabara, ila kulikuwa na lori nyuma na halikuwa na breki za kusubiri machozi. Mara moja kichwa chake kiliinama, na nikapiga kelele, nikabonyeza kifungo na kukishikilia kwa kidole gumba nikiendesha kwa mkono mmoja, mpaka akainua uso na kusema, pole pole, "Toa kidole. Inatosha."

Tulifika Kasomeno jua likiwa juu ya utosi. Nyumba ya mama mukubwa ni ya mabati, nyuma ya ghala la samaki wakavu. Binti yake alitoka mbio. Alisema mama yake amelala ndani, hawezi kupumua, tangu asubuhi anaomba wamfungulie ukuta.

Taa mbili za kijani zilikuwa bado zinawaka.

Mama hakushuka. Alinigeukia, uso umelowa kama aliyetoka mtoni.

"Fungua mulango ya nyuma," akasema. "Mulete yaya huku. Aingie mu hii baridi, haijaisha."

Ndipo nilipoelewa baridi ile alikuwa akimwekea nani.

Mimi na binti tulimbeba mama mukubwa kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa mwepesi kuliko kiti. Nilikuwa nimeandaa salamu ndefu, lakini alikuwa anatazama juu ya kichwa changu, kwenye paa.

"Aa! Muliweka frigo ku kichwa ya motokari?"

"Ingia, yaya," mama akajibu kutoka mbele, bila kugeuka. "Unasemaka sana."

"Weye njo unaniambia ivi? Mu nyumba yangu?"

"Hii ni nyumba yangu. Ya mipira ine, inatembea. Ingia."

Mama mukubwa akacheka, kicheko kikawa kikohozi, kikohozi kikatuingiza sote katika woga. Tulimketisha nyuma. Mama akahamia kando yake, polepole, akishika viti. Nikazima motere, kwa maana baridi ile haikuihitaji, nikabonyeza kifungo, nikafunga milango, nikasimama nje kwenye jua.

Mwanzo walikaa wote wawili wakitazama mbele, kama abiria wasiojuana. Halafu midomo ya mama mukubwa ikaanza. Mama akatikisa kichwa. Mama akasema kitu kirefu, akionyesha kwa kidole usukani, kiti cha dereva. Mama mukubwa akatazama kiti kile muda mrefu. Kisha akaweka kiganja chake juu ya mgongo wa kiti, pale ambapo bega la baba lilikuwa linakaa.

"Banasema nini?" binti akaniuliza.

"Sijui."

"Sikiliza basi!"

"Vioo vimefungwa, dada."

Taa ya tatu ilikuwa imezimika zamani. Sasa ya mwisho ikaanza kupepesa. Sauti ya mtambo ikashuka, ikaguna, ikanyamaza. Nikashika kitasa. Ndani ya dakika chache pale pangekuwa tanuri, na mama na kifua chake alikuwa mle, na figo zile zilikuwa mle. Lakini walikuwa wameshikana mikono na wote wawili wanasema kwa wakati mmoja. Mtu atafungua mlango vipi katikati ya hayo? Na atauacha vipi umefungwa? Nikagonga kioo kwa kucha.

Mama mukubwa alinipungia mkono, kama unavyofukuza kuku.

Nikagonga tena. Kioo kikashuka vidole viwili, na pua ya mama ikatokea, inameremeta kwa jasho.

"Papa, jua ni kali. Peleka motokari mu kivuli ya ghala."

"Shukeni kwanza, mama. Tafadhali. Niwashe motere niipeleke."

"Usiwashe!" ilikuwa mama mukubwa kutoka ndani, na kwa neno lile moja sauti yake ilikuwa karibu ile ya zamani. "Inapiga kelele. Hatujamaliza."

"Basi nifanye nini?"

"Sukuma," akasema mama.

Binti akashika upande mmoja, mimi mwingine. Wabeba samaki wawili wakatoka ghalani wakicheka, wakaweka mabega nyuma, juu ya batri zangu mbili zilizokufa, na gari la baba likaanza kutembea juu ya mchanga na dada wawili ndani yake, vioo vyote vinne sasa wazi, wakiendelea kusema. Tulipofika kwenye kipande kibaya gari likaruka kidogo, na mama mukubwa akatoa kichwa dirishani.

"Pole pole, weye mutoto! Hamubebe mihogo!"